Mama mkwe wa kaka kahojiwa mara sita, ndege ikafutwa. Huu uchunguzi wa wakimbizi ni usalama au siasa?

#1 Mwana Kasulu

Wakuu, salaam.

Hili limenifika nyumbani ndiyo maana nalileta. Kaka yangu kaoa Mkongomani. Mama mkwe wake ni mtu wa Fizi, Kivu Kusini, yuko Nyarugusu tangu kambi ilipoanza 1996. Faili lake la kwenda Marekani lilifunguliwa 2015, kipindi kile Wakongomani wa Nyarugusu walipoanza kuchukuliwa kwa makundi. Tangu hapo kahojiwa mara sita, tumehesabu naye kwa vidole. Mara ya sita aliulizwa swali la mara ya kwanza: mumeo alifariki lini, na nani alimzika? Kapigwa picha, kachukuliwa alama za vidole, kamulikwa mboni, kapimwa kifua, katolewa damu.

Januari 2025 akapewa tarehe ya ndege, 27. Akauza mbuzi wawili na kitanda. Sufuria akawagawia majirani. Siku tano kabla ya safari akaambiwa safari zote zimefutwa.

Sasa juzi kazini jamaa mmoja ananiambia, "Afadhali Trump kafunga bomba, hao watu walikuwa wanaingia bila kukaguliwa, kama abiria wa daladala." Nilikosa la kumjibu kwa sababu kusema kweli sijui wanakagua nini. Miaka kumi wanatafuta kitu gani kwa bibi wa miaka 61? Ni usalama kweli, au ni siasa iliyovaa joho la usalama?

#2 Jogoo la Mtaa

Napita tu. Ila hao mbuzi wameniuma kuliko ndege.

#3 Kanzu Mstaafu

Pole na familia, mkuu. Lakini tusichanganye huruma na usalama. Jamaa yako kakosea kusema hawakaguliwi. Hajakosea kuwa na hofu.

Mwaka 2011 walikamatwa Wairaki wawili mji wa Bowling Green, Kentucky. Waliingia kama wakimbizi, mchujo wote walipita. Baadaye alama za vidole za mmoja wao zikakutwa kwenye vipande vya bomu la kutega barabarani lililookotwa Iraki mwaka 2005. Ushahidi wanao, mtu wanaye, na viwili hivyo vilikuwa havijakutana. Baada ya hapo ikabidi mafaili ya Wairaki elfu hamsini na kitu yapitiwe upya.

Kwa hiyo mama yako kuulizwa mara sita si uonevu. Ni watu walioumwa na nyoka, wakiona ung'ongo wanashtuka.

#4 Pilipili Kichaa

Kanzu, hao wa Bowling Green waliua wangapi?

#5 Kanzu Mstaafu

Pilipili, hawakuua mtu Marekani. Walinaswa kwenye mtego wa FBI wakidhani wanapeleka silaha Iraki. Najua unakonielekeza, kwamba 2017 mshauri mmoja wa Trump alisimama kwenye televisheni akazungumzia "mauaji ya Bowling Green" ambayo hayakutokea kabisa. Hilo lilikuwa la kuchekesha. Lakini kesi yenyewe ilikuwepo na walifungwa.

#6 Karani wa Zamani

Nimekaa miaka kadhaa kwenye ukalimani wa mahojiano ya wakimbizi, kituo sikitaji. Mleta uzi, ngoja nikueleze wanakagua nini, maana wengi wanadhani ni fomu moja na muhuri.

Kwanza UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, wanakuandikisha na kuamua kama wewe ni mkimbizi kweli. Halafu wao ndio wanaokupendekeza kwa nchi ya tatu. Huwezi kuomba wewe "nataka Marekani". Duniani kote wanaohamishiwa nchi ya tatu kwa mwaka hawafiki mmoja kati ya mia. Kwa Marekani, faili likitoka UNHCR linakwenda kwa watu wa Nairobi, CWS, shirika la makanisa linaloandaa mafaili, ambao kambini bado wanaitwa JVA mpaka kesho. Wanakuhoji upya, wanaandika maisha yako tangu kuzaliwa, kila jina ulilowahi kuitwa. Majina hayo yanapigwa kwenye orodha za Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, kituo chao cha kupambana na ugaidi, FBI na wengineo. Alama za vidole zinakwenda FBI, Usalama wa Ndani na jeshi. Halafu anakuja ofisa wa uhamiaji wa Marekani mwenyewe, uso kwa uso, analinganisha ulichosema leo na ulichosema miaka mitano nyuma. Baada ya hapo ndipo IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, wanakupima afya.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo mama yako alipoliwa. Kila kipimo kina tarehe yake ya kufa. Afya ni miezi sita, na ukiwa na historia ya kifua kikuu ni mitatu. Ukaguzi wa majina nao unaisha. Kimoja kikiisha unangoja kirudiwe, na unapongoja kile kingine nacho kinaisha. Mke akijifungua, faili linasimama mpaka mtoto aingizwe. Nimeona familia ya watu tisa ambayo kwa miaka minne haikuwahi kuwa na vyeti vyote hai kwa wakati mmoja. Hakuna aliyewakataa. Walikuwa wanazunguka tu kama punda wa kinu.

Swali moja, mleta uzi. Kwenye faili la mama kuna mtoto ambaye si wa kumzaa?

#7 Jogoo la Mtaa

Karani umejuaje? 😂 Wewe ni mkalimani au mganga?

#8 Mwana Kasulu

Karani, umenishtua. Yupo. Ni mtoto wa marehemu mdogo wake, kamlea tangu ana miezi minane. Aliandikishwa kama mwanawe. Sasa hivi ni kijana wa miaka 20. Na ni kweli, mahojiano ya tano yalikuwa karibu yote juu ya huyo kijana.

#9 Karani wa Zamani

Nilijua. Wala si uganga.

Kwa Kiswahili na kwa Kibembe cha Fizi, mtoto wa mdogo wangu ni mwanangu. Namwita mwanangu, ananiita mama, na mama yake mzazi akifa hakuna atakayekaa kumfafanulia. Kwenye fomu kuna kisanduku cha "mtoto" na kisanduku cha "mtoto wa ndugu". Mara ya kwanza mama kasema "mwanangu", mkalimani kaandika mtoto. Mara ya tatu kaulizwa "ulimzaa?" kasema "hapana, wa mdogo wangu". Kwenye karatasi hapo kuna maelezo mawili yanayopingana. Ofisa haoni malezi, anaona uongo.

Nimewahi kukaa katikati ya swali hili: "Una mama wangapi?" Binti wa Kibembe akajibu, watatu. Mama, mama mkubwa, mama mdogo. Ofisa akaweka kalamu chini, akanitazama mimi. Ilinichukua dakika ishirini kumtoa yule binti kwenye kosa ambalo hakulifanya.

#10 Kanzu Mstaafu

Karani, hadithi nzuri, na mimi nina mama wadogo wanne. Lakini usimalize picha nusu. Mwaka 2008 Wamarekani walipima DNA Nairobi kwenye ule mpango wa kuunganisha familia. Walianza na watu 500 hivi, wengi Wasomali na Waethiopia, baadaye wakaongeza hadi 3,000 katika nchi kadhaa za Afrika. Familia ambazo undugu wote waliodai ulithibitika hazikufika asilimia 20. Mpango ukasimamishwa, ukarudi 2012. Hao asilimia 80 wote walikuwa wanalea watoto wa marehemu?

#11 Binti Garissa

Kanzu, hiyo takwimu hupenda kusomwa nusu. Aliyekataa kupimwa, au aliyekuwa na jibu moja tu la "hapana" katika watoto sita, familia nzima ilihesabiwa haikuthibitika. Na kipimo chenyewe kilitazama undugu wa damu tu. Mtoto wa kulea, yatima wa ndugu, mke wa pili aliyefariki akaacha watoto kwa mke mwenza, wote hao wanatoka "hapana". Sisemi hakukuwa na udanganyifu. Ulikuwepo na kila mtu wa Dadaab anajua nafasi zilikuwa zikiuzwa. Nasema DNA haiwezi kukutenganishia mwongo na mama mlezi.

Na mimi nina langu. Mimi ni Mkenya, nimezaliwa Garissa, babu yangu kazikwa Garissa. Wakati wa ukame wazazi wengi kwetu waliwaandikisha watoto kambini Ifo na Dagahaley ili wapate kadi ya chakula. Mamangu aliniandikisha nikiwa na miaka saba. Sikulala kambini hata usiku mmoja. Nilipofika miaka 18 nikaenda kuchukua kitambulisho, nikaweka kidole, mashine ikasema mimi ni mkimbizi wa Kisomali. Nimekaa miaka mingi bila kitambulisho, bila akaunti ya benki, bila laini ya simu kwa jina langu. Tuko makumi ya maelfu.

Mashine haikudanganya. Kidole ni changu kweli. Hilo ndilo ambalo watu wa "alama za vidole hazidanganyi" huwa hawalielewi.

#12 Pilipili Kichaa

#11 uwekwe juu ya uzi jamani.

#13 Mtoto wa Fizi

Bandugu, jambo kwenu. Miye niko huku Marekani, nilitoka Nyarugusu na mama na bandugu bangu batatu. Faili yetu ilikaa kimya miaka miwili na nusu. Nitabaambia sababu.

Ofisa aliuliza mama: uliwahi kubapa chakula watu benye silaha? Mama akasema ndiyo. Balikuja usiku, bakakula kuku zote, bakachukua unga, bakalala pale mpaka asubuhi. Mama alisema kweli kwa sababu tulifundishwa kusema kweli. Basi, ile ikawa "msaada kwa kikundi cha silaha". Faili chini.

Mtu anayeiba kuku wako na bunduki mkononi, kwa sheria yao wewe ndiye umemsaidia.

Ilifunguka baadaye, bakakubali alilazimishwa. Tulifika na ule mfuko mweupe wa IOM, ule wa makaratasi, tuliambiwa tusiuachilie hata kwenye choo cha ndege. Kisha miezi sita unaanza kulipa deni la tikiti, kidogo kidogo kila mwezi, bila riba. Sisi tumemaliza. Watu huku banashangaa nikibaambia tulilipa tikiti yetu wenyewe.

#14 Mzee wa Ujiji

Mtoto wa Fizi, pole na hongera kwa pamoja. Hicho kifungu cha kuku ni kweli kipo. Sheria zao za ugaidi za miaka ya 2001 hadi 2005 zilipanua maana ya "msaada" mpaka ikameza na walioporwa. Ruhusa ya kuwasamehe waliolazimishwa ilikuja 2007. Na msicheke: Mandela mwenyewe na watu wa ANC walikuwa wanahitaji kibali maalum kuingia Marekani mpaka 2008, kwa sababu ANC ilikuwa imewekwa kwenye orodha ya magaidi. Rais mstaafu, na Nobeli juu.

#15 Jogoo la Mtaa

Mandela na mama wa kuku kwenye foleni moja. Dunia ina mambo.

#16 Kanzu Mstaafu

Sawa, mmenizunguka, lakini hamjanijibu. Nawapa mfano wa aliyepita. Béatrice Munyenyezi, Mnyarwanda, aliingia Marekani 1998 kama mkimbizi akitokea Nairobi. Alijaza fomu, akaapa, akapata uraia. Mwaka 2013 mahakama ya New Hampshire ikamtia hatiani kwa kudanganya ushiriki wake katika mauaji ya kimbari ili apate uraia huo. Akafungwa miaka kumi, 2021 akarudishwa Rwanda, 2024 akahukumiwa maisha. Huyo alihojiwa, akaandikwa, akapita.

Na hapo Westgate, Nairobi, 2013, watu 67 waliuawa. Mmoja wa wauaji alitambuliwa kuwa raia wa Norway mwenye asili ya Somalia aliyefika kule mtoto na familia ya wakimbizi.

Mwaka 2015 mkuu wa FBI wa wakati huo, James Comey, aliliambia bunge lao jambo la wazi: kama mtu hajawahi kuacha alama kwenye kumbukumbu zetu, tutatafuta hadi kesho na hatutaona kitu. Kongo vijijini nani ana kumbukumbu? Mnapekua kabati tupu mnasema mmekagua.

#17 Takwimu Tamu

Kanzu leo umekuja na vitu, nakuvulia kofia. Ila mfano wa Westgate unakupinga. Alifika Norway mtoto. Ungemhoji nini mtoto wa miaka tisa? Huko hakuna mchujo unaofika. Kilichombadilisha kilitokea ukubwani.

Tukija kwenye hesabu: taasisi ya Cato ya Washington, ambayo si ya mrengo wa kushoto hata kidogo, ilipitia miaka 1975 hadi 2015. Wakimbizi waliopokelewa ni kama milioni 3.25. Waliotiwa hatiani kwa ugaidi, ukijumlisha na waliojaribu tu, ni 20. Watu waliouawa na hao 20 katika miaka yote hiyo ni watatu, na waliowaua ni wakimbizi wa Kuba miaka ya sabini, kabla hata ya sheria ya wakimbizi ya 1980 iliyoanzisha mfumo huu tunaobishania.

#18 Kanzu Mstaafu

Takwimu Tamu, na askari wawili waliopigwa risasi Washington Novemba 2025? Mwafghani. Mmoja alifariki. Hesabu yako ya 2015 imeshapitwa.

#19 Karani wa Zamani

Kanzu, hapo nakusahihisha. Yule anayeshtakiwa hakupita njia hii. Waafghani walioondolewa 2021 Kabul ilipoanguka waliingizwa kwa ruhusa ya dharura, siku na wiki, si miaka. Hifadhi aliipata baadaye akiwa tayari ndani ya nchi, 2025. Ni milango miwili tofauti kabisa: mkimbizi anayechaguliwa akiwa kambini, na mtu anayeomba hifadhi akiwa ameshafika. Wanasiasa wanaichanganya makusudi, nasi tunawafuata.

#20 Kanzu Mstaafu

Nimekubali kwenye mlango. Lakini huoni kwamba hiyo ni hoja yangu? Walipoharakisha ndipo walipoingiza wasiyemjua. Kwa hiyo miaka ya mama wa Kasulu ina kazi.

#21 Pilipili Kichaa

Kanzu unageuka kama kinyonga, ila hapo kidogo umempata Karani.

#22 Mzee wa Ujiji

Mimi nasema mnabishana juu ya kichujio na bomba lina mtu ameshika koki. Tazameni idadi inayoruhusiwa na rais kila mwaka wa fedha. Obama aliweka 110,000 kwa 2017. Trump akaingia akashusha hadi 50,000, halafu 45,000, 30,000, 18,000, na mwisho 15,000. Biden akapandisha 62,500, kisha 125,000. Mwaka 2024 wakaingia zaidi ya laki moja, Wakongomani wakiongoza. Kwa 2026 imewekwa 7,500. Mashine za alama za vidole ni zile zile. Je, hatari ilikuwa inapanda na kushuka kwa tarehe za uchaguzi wao?

Na kama bado mna shaka: amri ya kuwapa nafasi Makaburu wa Afrika Kusini ilitiwa saini Februari 7, 2025. Tarehe 12 Mei kundi la kwanza la watu 59 likashuka Marekani. Miezi mitatu. Mama wa Kasulu, miaka kumi.

#23 Takwimu Tamu

#22 hoja nzito, ila nikuongezee usawa kidogo. Mchujo wa kweli wa usalama nao huwa unashusha idadi. Baada ya Septemba 11, 2001 safari zilisimamishwa, na mwaka wa fedha 2002 waliingia kama 27,000 tu kutoka karibu 70,000 mwaka uliotangulia. Wale vijana wa Sudan wa kambi ya Kakuma, Kenya, waliokuwa wamebaki kwenye foleni nao walikwama. Kile kipindi huwezi kusema ilikuwa uchaguzi.

#24 Mzee wa Ujiji

Sikatai. Lakini 2002 walisimamisha, wakarekebisha, wakaendelea. Mara hii wamesimamisha wakafungulia mlango mmoja tu.

#25 Wakala Uhakika

Wenye shida ya faili kukwama njooni inboksi, nina mtu ndani, malipo nusu kwanza, mnapata tarehe ndani ya siku 60.

#26 Pilipili Kichaa

Na wewe ulikuwa wapi siku zote hizi na siku zako 60? Hata hao Makaburu wenye amri ya rais walitumia 94.

#27 Mtoto wa Fizi

Bandugu musimpe pesa huyo! Mama mdogo wangu alimpa mtu kama huyo dola 400 kambini. Alipewa karatasi yenye nembo, imeandikwa jina lake vibaya. Alipoipeleka ofisini, bakamwandika yeye ndiye mdanganyifu. Mpaka leo.

#28 Karani wa Zamani

Moderata, ondoa #25. Jamani huduma yote ya wakimbizi ni bure, kuanzia fomu hadi mahojiano. Nembo hizo zina historia chafu. Mwaka 2001 uchunguzi wa Umoja wa Mataifa wenyewe ulikuta genge Nairobi, na wafanyakazi wa UNHCR wakiwemo, likiwatoza wakimbizi maelfu ya dola kwa nafasi. Nusu ya utaratibu mgumu mnaoulalamikia ulizaliwa hapo: mafaili kupitiwa na watu wawili, picha kubanwa kwenye karatasi, baadaye mboni. Haukuletwa kwa ajili ya magaidi. Uliletwa kwa ajili ya wezi wa nafasi, na wengine walikuwa upande wa ndani wa dirisha.

#29 Kanzu Mstaafu

Hiyo #28 sikuijua. Shukrani.

#30 Bwana Kibondo

Naomba niwakere. Kurasa zote hizi mnaijadili Marekani. Sisi je? 2014 Tanzania iliwapa uraia Warundi waliokimbilia kwetu 1972, kama 162,000, wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Tulikagua alama za vidole mara ngapi? Na nchi haikulipuka. Leo hao ni wapiga kura. Upande mwingine Warundi wa 2015 tunawasukuma warudi. Watu wale wale, lugha ile ile. Tofauti ni miaka tu.

#31 Binti Garissa

Kwetu ndiyo usiseme. Garissa University, Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa. Kabla hata maziko hayajaisha, serikali ikawapa UNHCR miezi mitatu kufunga Dadaab. Kumbe mmoja wa wauaji alikuwa Mkenya, msomi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu wa Mandera. Na waliohukumiwa 2019 alikuwemo Mtanzania mmoja, Kanzu usinikasirikie. Mwaka 2016 wakatangaza tena kufunga, Mahakama Kuu ikabatilisha Februari 2017. Kila bomu likilipuka, anayefungiwa mlango ni jirani wa aliyelipua, au jirani wa jirani.

#32 Kanzu Mstaafu

Binti, sikasiriki. Ila mtu kutopatikana na kosa si sawa na kambi kutotumika kupitisha silaha. Haya ni mambo mawili.

#33 Binti Garissa

Ushahidi ulete, tutausoma.

#34 Abdi wa Hagadera

Nimesoma yote kimya, nimezaliwa Hagadera, kambi ya Dadaab. Mnajadili mchujo wa anayekwenda. Kuna ule unaobaki kwa asiyekwenda. Kwetu una jina, *buufis*. Ni ile hamu ya kuondoka inayokupanda kichwani mpaka huwezi kufanya kitu kingine. Mtu ana faili hai, basi haoi, hajengi choo, hapandi mti, kwa sababu "karibu naondoka". Mjomba wangu alikaa hivyo miaka 17. Mlango wa nyumba yake ulikuwa gunia, na fedha ya mlango wa bati alikuwa nayo.

#35 Jogoo la Mtaa

Abdi hiyo ya gunia imenikalisha. Sina utani.

#36 Takwimu Tamu

Swali dogo kwa Karani, nje kidogo ya mada. Kwa nini kila mkimbizi ninayemjua kazaliwa Januari 1?

#37 Karani wa Zamani

😂 Kwa sababu mwandikishaji kauliza tarehe, mtu kasema "mwaka wa mafuriko" au "mwaka mzee Kabila alipoingia", na kompyuta haikubali mafuriko. Inataka siku na mwezi. Basi inakuwa 1/1. Sasa chukua watu maelfu waliozaliwa siku moja, nusu yao wanaitwa Mohamed au Amisi au Furaha, kila karani kaandika kwa masikio yake, halafu jina hilo lipigwe kwenye orodha ya watu wanaotafutwa. Likigongana na la mtu mwingine, faili linasimama mpaka mtu Washington akae athibitishe kwamba Amisi huyu si Amisi yule. Nimemjua mmoja alisubiri miezi kumi na minne kuthibitishwa kwamba yeye si yeye.

#38 Pilipili Kichaa

"Kuthibitishwa kwamba yeye si yeye." Nalala na hiyo.

#39 Mzee wa Ujiji

Mleta uzi umetukimbia. Faili la mama limefikia wapi? Kuna ile kesi ya Seattle ya Februari 2025, jaji alizuia amri ya kusimamisha, ingawa mahakama ya rufaa ikaibana sana ile nafuu.

#40 Mwana Kasulu

Nipo wakuu, nilikwenda Makere wikiendi, mtandao wa kule mnaujua. Asanteni wote, hata Kanzu.

Nimekaa na mama nikamsomea baadhi ya haya. Ya Karani kuhusu "mwanangu" kaikataa kabisa. Anasema alimweleza mkalimani tangu siku ya kwanza kwamba ni wa marehemu mdogo wake, Neema, na mkalimani alitikisa kichwa. Kijana mwenyewe anaamini ni jina lake, kuna Mkongomani mwingine wa jina hilo anatafutwa. Jirani yao wa zoni anaamini ni kwa sababu hawakutoa kitu kidogo. Wifi yangu anasema ni Trump, basi. Kwenye taarifa ya faili tunayoisoma kwa simu imeandikwa "inasubiri", kama ilivyokuwa 2019. Vipimo vya afya vimeshakufa, majina sijui.

Mfuko wa IOM uko juu ya kenchi, umefungwa kamba. Mama kanunua mbuzi mmoja. Kasema huyu hauzwi mpaka aione ndege kwa macho.

#41 Jogoo la Mtaa

Dume au jike?

#42 Mwana Kasulu

Jike. Tena ana mimba.